Miji Niliyosema Haipo

Juma hili sina fundisho la kuwapa kabla ya kuungama kosa langu. Wahenga walinena: Tembea uone. Mimi nilifundisha jiografia miaka mingi nisitembee, na kwa hiyo nikafundisha nisiyoyaona.

Mapema mwaka 2023 nilichora Ziwa Kivu ubaoni, na katikati yake kisiwa cha Idjwi. Nikawaambia wanafunzi, “Kisiwa hiki ni kikubwa, lakini hakina mji.” Mvulana mmoja, mzaliwa wa huko, aliyekaa kwa mjomba wake hapa Bukavu katika mtaa wa Kadutu, akainua mkono. Akasema, “Samahani, Mwalimu. Bugarula ni mji. Kashofu nao ni mji.” Wenziwe wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama huko kuna hata taa ya barabarani. Nami, niliyepaswa kuwanyamazisha, nikacheka pamoja nao, kisha nikafuta ubao.

Baada ya Pasaka mvulana hakurudi shuleni. Nilipomwendea mjomba wake, alinijibu kwa upole, na upole huo ukanichoma kuliko matusi: “Mwalimu, mtoto amekwenda kwao. Amesema kama kwao hakuna mji, basi shule ya mjini si yake.”

Likizo kubwa ilipofika nilishuka bandarini alfajiri, nikapanda boti pamoja na magunia ya sukari, madumu ya mafuta na akina mama waliokuwa wamekwisha kuuza mananasi yao. Tangu utoto wangu nimekula mananasi ya Idjwi, wala sikupata kuuliza yanatoka kwa nani.

Ndugu msomaji, yafaa ujue ukubwa wa kisiwa hicho. Urefu wake ni kama kilomita 40, na eneo lake ni kama kilomita za mraba 340. Katika visiwa vya maziwa ya Afrika, Ukerewe peke yake, katika Ziwa Viktoria, ndicho kinachokizidi. Watu wake wanakadiriwa kuwa zaidi ya 200,000, wengi wao Wahavu. Utawala wa jadi umegawanyika sehemu mbili: Ntambuka upande wa kusini na Rubenga upande wa kaskazini. Je, watu wote hao wangekaaje pasipo soko, hospitali na baraza?

Nilishukia kusini, nikakodi pikipiki ya kijana mmoja mwenyeji, maana magari ni machache mno. Barabara ni ya udongo. Hupanda kilima na kushuka, hupita katikati ya migomba na mihogo, na kila upindapo waliona ziwa tena. Mvua ikinyesha, ni kusukuma. Mara mbili tulishuka tukasukuma.

Tulifika Kashofu siku ya soko. Nikaona fundi wa cherehani chini ya kibaraza, maharagwe yaliyopimwa kwa makopo, dagaa waliokaushwa, na duka ambamo simu za watu zilipewa umeme wa jua kwa malipo kidogo. Mzee mmoja alinitandikia mkeka, akanipa kipande cha nanasi, ndipo akaniuliza habari za safari. Kisha tukapita Monvu, penye hospitali ambayo wagonjwa huletwa kwa machela kutoka vilimani, wengine mwendo wa saa nyingi.

Njiani nikaonyeshwa mashamba ya kahawa na kituo cha kuoshea buni. Kijana akanieleza habari ambayo sikupata kuisoma kitabuni. Zamani, biashara ya kahawa ilipoharibika na mkulima asipate bei, wanaume walipakia magunia mitumbwini usiku na kuvuka kwa siri kwenda Rwanda. Ziwa Kivu halina viboko wala mamba, bali lina pepo za ghafla. Wengi walizama, wakaacha wajane. Katika miaka ya 2010 vyama vya ushirika vilipata nguvu, vituo vya kuoshea vikajengwa, na mkulima akaanza kuuza buni yake mchana, karibu na nyumba yake.

Nisifiche na lile la aibu. Kando ya ziwa tulipita vijumba vya Watwa, waliokuwa watu wa msitu kabla ya kutolewa humo. Sasa hawana shamba. Hufinyanga vyungu na kufanya vibarua kwa jirani zao. Kijana wangu alipapita pasipo kupunguza mwendo, kama mahali pasipo na mtu. Nilitaka kumkemea, nikakumbuka ubao wangu, nikanyamaza.

Jioni tukaingia Bugarula, makao ya serikali ya kisiwa. Bendera ilikuwa ikipepea mbele ya ofisi, na watoto walikuwa wakirudi na madumu ya maji. Taa za barabarani, kweli, sikuziona. Lakini chini ziwani taa nyingi ziliwashwa: wavuvi wa sambaza, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, nguzo ndefu mbele na nyuma, nao wakiimba na kupiga makasia. Samaki hao wadogo waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni kitoweo cha maskini wa pande zote mbili za ziwa.

Nyumba ya mvulana ilikuwa juu ya kilima. Baba yake akanikaribisha. Nyanyake akaketi kando, mmoja wa wale wajane niliosimuliwa njiani. Mumewe alivuka na magunia mawili, asirudi. Akaniambia, “Mwalimu, babu yake alikufa akitafuta ada za shule za watoto. Huyu mjukuu amerudi nyumbani kwa sababu ya kicheko. Nieleze, kicheko hicho kina uzito gani?”

Sikuwa na la kujieleza. Nikamwomba mvulana radhi mbele ya wazee wake. Alitazama chini kitambo, halafu akauliza, “Mwalimu, umepita Kashofu?”

“Nimepita.”

“Umeliona soko?”

“Nimeliona, na nanasi nimekula.”

“Basi, nitarudi.”

Akarudi mwezi wa Septemba, lakini ilimbidi kurudia darasa. Angalieni, wasomaji: kicheko changu cha dakika moja kilimgharimu mwaka mzima, nao wazazi wake wakalipa ada mara mbili kwa kahawa ileile. Siku ya somo la ziwa nilimpa yeye chaki. Akachora kisiwa, akaandika majina ya vijiji ambavyo ramani yangu haikuwa navyo, wala hakuna aliyecheka.

Kisha yakaja mambo yaliyotufundisha zaidi. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walikuwa wamevuka ziwa na kupokewa Idjwi. Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipokaribia, watu wa nchi ya Kalehe nao walipanda mitumbwi na kukimbilia huko huko; mwezi wa Februari vita vikaingia Bukavu yenyewe. Mahali nilipopaita hapana mji ndipo waliponusurika watu waliokimbia.

Basi, enyi wazazi na walimu wenzangu, nawaomba jambo moja dogo. Mtoto mgeni akija nyumbani au darasani, mwulizeni kwao ni wapi, kisha mwacheni amalize jibu lake. Na likizo ikipatikana na njia ikiwa salama, mchukueni mwanenu mkaone mji mmoja mdogo ulio nje ya njia kuu. Msiende kuhesabu taa. Ketini mkekani, kuleni mlichopewa, mkaulize majina ya vilima. Mimi bado nina deni la vijumba vile vya Watwa, nilivyovipita pasipo kushuka. Nikijaliwa kurudi, hapo ndipo nitakapoanzia.