Friji Ambayo Haijafa Isile Hela ya Nyumbani

Ndugu zetu, leo tunaacha kidogo habari za viwango vya dola. Tunataka kuongea juu ya friji, ile kubwa ya milango miwili inayofunguka kama kabati, friza kushoto na chakula kulia. Sababu ni ya kihasibu kabisa. Tukikaa na mtu hapa Saint Paul kupanga bajeti yake, tukiuliza kwa nini mwezi fulani mama hakutumiwa kitu, jibu huwa ni gari au friji. Gari tutaliongelea siku nyingine.

Msimamo wetu ni kwamba watu wetu wanazika friji ambazo hazijafa, na wengine wanatengeneza friji ambazo si zao.

Tuanze na hizo zinazozikwa. Upande wa chakula ukipata joto, maziwa yakaganda, mtu anasema kompresa imekufa. Jioni hiyo hiyo yuko dukani anasaini friji ya kulipa kila wiki. Piga hesabu. Tuseme friji ni dola 1,200 ukilipa taslimu, wewe unalipa dola 25 kwa wiki kwa wiki 78. Hiyo ni dola 1,950. Dola 750 zimekwenda bure, na ukikosa malipo mwezi wa Januari, kazi za ujenzi zikiwa zimesimama kwa baridi, wanakuja kuichukua.

Kumbe kwenye friji nyingi za aina hii baridi inatengenezwa upande mmoja tu, wa friza. Kuna koili nyuma ya ukuta wa ndani wa friza, na feni inayosukuma hewa baridi kupitia tundu dogo kwenda upande wa chakula. Kwa hiyo nyama ikiwa bado jiwe na maziwa yana joto, kompresa inafanya kazi. Tatizo ni hewa haipiti. Kwanza angalia kama mfuko wa sukuma wiki au sufuria la maharage limeziba tundu hilo. Halafu sikiliza feni ukiwa umefungua mlango wa friza na kubonyeza swichi ya mlango kwa kidole. Kimya kabisa? Huenda feni imekufa, au imeshikwa na barafu.

Barafu ndiyo kisa kikubwa. Friji ina hita ndogo inayoyeyusha barafu kwenye koili kila baada ya saa kadhaa. Hita hiyo au kihisi chake kikiharibika, barafu inajaa mpaka inafunga njia. Dawa ya kwanza haina gharama: toa chakula, chomoa waya ukutani, acha milango yote wazi kwa saa 24, tandika mataulo chini. Usichokonoe barafu kwa kisu, utatoboa bomba la gesi na hapo ndipo friji itakufa kweli. Ukiirudisha ikafanya kazi siku chache halafu ikarudia joto, mwambie fundi hivyo hivyo: "Inapoa ikiyeyushwa, baada ya siku chache inarudi." Atajua aanzie wapi, na mara nyingi kifaa chenyewe si cha bei kubwa. Fundi anayekuja bila maelezo anakutoza muda wa kutafuta.

Vumbi nalo. Chini mbele, nyuma ya kile kiwambo cha plastiki, friji nyingi zina koili za kutoa joto. Sisi tunaotoka saiti na vumbi la jipsamu kwenye nguo tunazijaza haraka kuliko wengine. Chomoa umeme, pitisha brashi ndefu na kifyonza vumbi mara mbili kwa mwaka. Mpira wa mlango upime kwa noti ya dola moja: ifungie mlangoni halafu ivute. Ikitoka bila kukaza, osha mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha jaribu tena kabla ya kununua mpya. Na tafadhali, friza ya kabati ni nyembamba. Paja la mbuzi likisukumwa humo bila kukatwa, mlango unabaki wazi kwa upana wa kidole, usiku kucha unaingiza unyevu. Mwambie muuza nyama alikate.

Nunua kipimajoto cha friji, ni dola chache tu. Upande wa chakula uwe kama nyuzi 37 za Farenhaiti, friza iwe 0. Ukigeuza kitufe, subiri siku nzima kabla ya kugeuza tena. Nyama au maziwa yakikaa juu ya nyuzi 40 kwa zaidi ya saa mbili, tupa, hata kama roho inauma. Umeme ukikatika usifungue mlango. Upande wa chakula unashika baridi kama saa 4, friza iliyojaa saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Wakati wa baridi jaza chupa za plastiki maji, ziache nafasi kidogo juu, zigandishe nje barazani halafu ziingize kwenye friji. Angalau baridi ya Minnesota itusaidie kitu kimoja.

Lakini baridi hiyo hiyo inaua nyama za watu gerejini. Mtu ananunua friji ya mtumba, anaiweka gereji isiyo na hita, anaijazia nusu ng'ombe aliyechangiwa na familia tatu. Januari nje kumeganda, yeye anakuta nyama inachuruzika damu. Anadhani amerogwa! Kwenye friji nyingi thamostati inasoma upande wa chakula. Gereji ikiwa na nyuzi 35, upande huo tayari uko baridi, kompresa haiamshwi, na friza inayeyuka polepole. Friji haina ugonjwa. Irudishe ndani au besimenti.

Kuna pahali pa kusimama, lakini. Gesi ikivuja au kompresa yenyewe ikifa, usimwite jamaa wa mtaani mwenye mtungi. Marekani mfumo wa gesi unafunguliwa na mwenye cheti tu, na kazi hiyo ni ghali. Kipimo chetu: friji ikizidi miaka kumi, na matengenezo yakizidi nusu ya bei ya kununua nyingine, iache. Lakini ikigongagonga "tak" kila dakika chache bila kuwaka, muulize fundi kwanza kuhusu kiwashio cha kompresa, kile kidude kidogo cha pembeni. Hicho ni cha bei ndogo.

Sasa friji zisizo zako, na hapa ndipo tunakasirika. Umepanga nyumba, friji uliikuta humo. Soma mkataba. Kama mwenye nyumba ndiye anayetakiwa kuitoa, kuitengeneza ni juu yake, ilimradi hukuiharibu wewe. Tangu 2024 sheria ya Minnesota inaitaja friji isiyofanya kazi miongoni mwa mambo ya dharura, pamoja na kukosa maji au joto. Mpangaji anaweza kwenda mahakamani, kwetu hapa ni ya kaunti ya Ramsey, baada ya kumpa mwenye nyumba taarifa angalau saa 24 kabla. Ipeleke kwa maandishi, yenye tarehe, na picha ya kipimajoto. Usikate kodi kwa uamuzi wako mwenyewe, utajikuta unashtakiwa kwa kutolipa. Sheria inakataza mwenye nyumba kulipiza kisasi kwa sababu umelalamika. Tunajua wengi wananyamaza kwa hofu ya makaratasi, na hofu hiyo hatuichekeshi. Piga simu kwanza HOME Line, shirika linalowashauri wapangaji wa Minnesota bila malipo, kabla ya kutoa hata dola moja kwa friji ya mtu mwingine.

Na dada zetu mnaofanya kazi za ndani: friji ya mwajiri ikianza kutoa maji chini, mtumie ujumbe siku hiyo hiyo, hata kama unajua ni kitundu cha maji kilichoganda. Ukiigusa kimyakimya na ikazima wiki ijayo, itakatwa kwenye mshahara wako.

Swali la mwisho tunaloulizwa sana ni kupakia friji hizi kwenye kontena kwenda Mombasa au Dar. Friji ya hapa imetengenezwa kwa volti 120 na hezi 60. Nyumbani ni kama volti 230 hadi 240 na hezi 50. Transfoma inashusha volti, haibadilishi hezi, na mota ya kompresa iliyopangiwa 60 inaweza kupata joto na kuchoka mapema. Ongeza nauli, ushuru na vipuri ambavyo fundi wa kule itabidi aviagize. Iuze hapa, tuma hela, wanunue ya huko yenye waranti ya huko.