Gari la Kijana Lililogeuka Johari ya Tajiri

Mwezi Januari 2020, katika mji wa Kissimmee, jimbo la Florida nchini Marekani, umati wa watu ulijazana ukumbini kushuhudia gari kuukuu likipigwa mnada. Lilikuwa Ford Mustang la kijani la mwaka 1968, rangi yake imepauka na bati lake lina mikwaruzo ya miaka mingi. Sifa yake kubwa ni kwamba liliendeshwa na Steve McQueen katika filamu ya Bullitt. Nyundo ilipogonga meza, bei ilikuwa imefika dola milioni 3.4. Yafaa ikumbukwe kwamba gari hilo hilo lilinunuliwa mwaka 1974 na familia ya watu wa kawaida kwa dola elfu chache tu, na mama wa nyumba hiyo, aliyekuwa mwalimu wa shule, akawa analiendesha kwenda kazini kama mtu yeyote aendeshavyo gari lake.

Kati ya safari za mwalimu yule na kelele za mnada ule imo historia nzima ya yale ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli. Ni historia ya chombo kilichobuniwa kwa ajili ya kijana mwenye mshahara mdogo, kikaishia mikononi mwa watu ambao wengi wao hawana haja nacho ila kukingojea kipande bei.

Magari haya hayakuzaliwa kuwa ya anasa. Mwaka 1964 wahandisi wa Pontiac, akiwamo John DeLorean, walichukua gari la ukubwa wa kati na kulitia injini ya silinda nane ya lita 6.4, yenye nguvu za farasi 325. Kampuni mama ya General Motors ilikuwa imekataza injini kubwa kama hiyo katika magari ya kiasi hicho. Pontiac wakaikwepa amri kwa kuiuza kama nyongeza ya hiari, kwa bei isiyofika dola 300 juu ya bei ya gari lenyewe. Wakaiita GTO, na kabla ya mwaka kwisha walikuwa wameuza zaidi ya 32,000.

Mwaka 1968 Plymouth walikwenda mbali zaidi. Gari lao la Road Runner lilivuliwa mapambo yote yasiyo ya lazima ili lipungue bei. Liliuzwa kuanzia dola 2,896, ambazo ni kama dola 26,000 za leo. Waliolinunua walikuwa vijana wa viwandani, wa vituo vya petroli na wa jeshini. Jioni waliyashindanisha magari yao katika barabara ya Woodward, iliyo karibu na viwanda vilivyoyaunda. Huenda mtu aliyefunga nati za gari mchana ndiye aliyeliendesha usiku.

Zama hizo zilidumu miaka isiyofika kumi. Makampuni ya bima yaliwapandishia malipo vijana wenye magari ya nguvu, hata ikawa kulikatia gari bima ni mzigo mzito kuliko kulilipia. Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1970 ikawalazimisha watengenezaji kupunguza moshi wa sumu, nao wakapunguza nguvu za injini. Kisha, mwezi Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zikaizuilia Marekani mafuta, na foleni ndefu zikaonekana kwenye vituo vya petroli. Gari lenye kunywa mafuta kama ngamia atokaye jangwani likawa aibu mlangoni. Wenyewe wakayauza kwa bei ya kutupa.

Jinsi yalivyodharauliwa, mfano mmoja unatosha. Watengenezaji wa mchezo wa televisheni wa The Dukes of Hazzard, ulioonyeshwa tangu 1979 hadi 1985, walivunja magari ya Dodge Charger yapatayo 300 kwa kuyarusha hewani. Hakuna aliyelia, kwa sababu wakati huo Charger lilikuwa gari kuukuu kama magari makuukuu mengine.

Leo mambo yamegeuka. Wale waliokuwa vijana wa 1968 walipofikia umri wa kuwa na akiba, walianza kuutafuta ujana wao minadani. Nyuma yao wakaja wenye fedha nyingi zaidi, wasiotafuta ujana bali faida. Mwezi Juni 2014, mjini Seattle, gari la Plymouth 'Cuda la mwaka 1971, lisilo na paa la bati na lenye injini ya Hemi, liliuzwa kwa dola milioni 3.5. Yaliundwa 11 tu ya aina hiyo. Bei za namna hii huvuta juu bei za magari mengine, hata yale yaliyoundwa kwa maelfu. Fundi au karani aliyetaka kununua bodi lililooza ili alifufue taratibu nyuma ya nyumba yake hujikuta akishindana na mtu anayenunua gari kama anunuavyo hisa.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa kuwa bei imefungamanishwa na namba zilizogongwa kwenye injini na kwenye bodi, wamezuka walaghai wanaofuta namba na kugonga nyingine, wakaligeuza gari la kawaida kuwa GTO kwa bango na rangi. Mnunuzi siku hizi hana budi kukagua nyaraka kabla ya kukagua injini. Gari limekuwa karatasi. Na likishakuwa karatasi, kuliendesha ni hasara, kwani kila kilomita hulipunguzia thamani. Ndiyo maana mengi yamefungiwa katika maghala yenye hewa baridi, yamefunikwa shuka, matairi yasiguse vumbi.

Wapo watakaosema kwamba bei hiyo kubwa ndiyo iliyoyaokoa magari haya, kwamba yalipokuwa rahisi yalirushwa hewani na kupondwa kuwa chuma chakavu, na yalipokuwa ghali yakatunzwa. Hoja hii ina ukweli, wala haifai kupuuzwa. Bila ya bei nzuri, hakuna ambaye angeanzisha karakana ya kufyatua upya mabati, taa na vioo vya magari ambayo waliyoyaunda wamekwisha toweka. Plymouth ilifungwa mwaka 2001, na mwaka 2009 General Motors ilitangaza kuiua Pontiac. Vipuri vinavyopatikana leo vinatokana na soko hilo.

Lakini kuokoa chuma na kuokoa gari ni mambo mawili. Injini isiyowashwa hukauka mipira yake, petroli hugeuka gundi ndani ya kabureta, na breki hung'ang'ania. Zaidi ya hayo, ujuzi wa kulihudumia hufa pamoja na matumizi yake. Injini nyingi za zama zile zilitegemea petroli yenye madini ya risasi, ambayo ililinda makalio ya valvu yasilike. Petroli hiyo ilipigwa marufuku kabisa kwa magari ya barabarani Marekani tangu Januari 1996, na ilistahili kupigwa marufuku, kwani risasi hudhuru akili za watoto. Tangu hapo fundi lazima ajue kuweka makalio magumu zaidi. Petroli ya siku hizi, iliyochanganywa na spiriti itokanayo na mahindi, hula mipira ya zamani, naye lazima ajue mpira upi wa kuweka badala yake. Kurekebisha kabureta kwa sikio na bisibisi ni elimu isiyopatikana kwa kusoma kitabu tu. Hupatikana kwa kusimama karibu na mtu aijuaye, mkono ukiwa na grisi.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hapa koleo ni zima. Wanaokwisha ni wahunzi. Mafundi waliojifunza kazi wakati magari haya yalipokuwa mapya sasa ni wazee. Vijana wamezaliwa katika zama za injini zinazoongozwa na kompyuta, na sasa za magari ya umeme. Mwezi Desemba 2023 Dodge walifunga utengenezaji wa Challenger na Charger za silinda nane, na mwezi huo huo Chevrolet wakalifunga Camaro. Kijana asiyeweza kulinunua gari la kale, wala kuruhusiwa kuligusa, atalipenda kwa sababu gani? Na ikiwa hatalipenda, nani atalinunua litakaporithiwa?

Hapa ndipo wanaonunua kwa ajili ya faida wanapojichimbia shimo. Bei za magari haya zilipanda sana hadi karibu na mwaka 2007, kisha zikaporomoka uchumi ulipoanguka mwaka uliofuata. Zinaweza kuporomoka tena, safari hii kwa sababu nyingine, nayo ni kwamba kizazi kilichoyakumbuka kinapita. Mwenye ghala ataona hilo kuwa msiba. Lakini kwa fundi na karani, huenda ikawa ndiyo mara ya kwanza kwa miaka mingi mlango kufunguliwa.

Hivyo basi, jambo la kuogopwa ni kukosekana kwa mikono. Bei ikishuka, gari litampata mwenye kulitumia. Ujuzi ukipotea, hakuna bei itakayourudisha. Dalili njema zipo. Chuo cha McPherson, jimboni Kansas, hutoa shahada ya ukarabati wa magari ya kale, na wanafunzi wake hujifunza kwa kufanya kazi yenyewe. California, jimbo lenye sheria kali za moshi, huyasamehe magari ya mwaka 1975 na yaliyotangulia kupimwa moshi, kwa kutambua kwamba ni machache na hutembea kidogo. Na kila mwezi Agosti, tangu mwaka 1995, wenye magari ya kale huyatoa katika barabara ile ile ya Woodward, na maelfu kwa maelfu ya watu hukaa kando ya njia kuyatazama bila kulipa kiingilio.

Msafara huo una funzo kuliko minada yote. Huko mtoto huusikia mngurumo wa injini, humwona mzee akifunua boneti, akauliza swali, akajibiwa. Mwenye gari anayemwachia mtoto huyo ashike spana amelihifadhi gari lake kuliko yule aliyelifunika shuka. Vijana wa Detroit waliliunda gari hili ili litembee, na heshima pekee inayowastahili ni kuliacha litembee.