Alama isiyoonekana, neno linalopotea

Mwaka jana tuliunganisha orodha za maneno ya Kimashi zilizoandikwa na wanafunzi watano ili tuziweke kwenye tovuti. Tulipozipanga kialfabeti, "abantu", lililokuwa neno la kwanza katika faili mojawapo, lilijikuta mwisho kabisa, baada ya herufi z. Ukilitafuta, kompyuta ilijibu kwamba halipo. Lakini kwenye skrini lilisomeka bila kosa.

Kosa lilikuwa mbele ya neno. Programu ya kuandikia ilikuwa imeweka mwanzoni mwa faili alama ya mpangilio wa baiti: U+FEFF katika Unicode, baiti tatu katika UTF-8, yaani EF BB BF. Jicho haliioni, kompyuta inaihesabu. Katika UTF-16 ina kazi, kwani inaonyesha baiti ipi inatangulia. UTF-8 ina mpangilio mmoja tu, na Unicode yenyewe hailazimishi alama hiyo wala haiipendekezi. Notepad ya Windows imeacha kuiweka bila kuombwa tangu toleo la 1903 la Windows 10, ila wengi wetu bado tunatumia mashine za zamani.

Wengine watasema hayo ni mambo ya mafundi. Sikubali. Kifaransa kikiharibika, "é" ikageuka "Ã©", kila msomaji analalamika siku hiyohiyo. Neno la Kimashi, Kilega au Kifuliiru likipotea, fundi hana namna ya kujua kwamba limepungua. Anayejua ni sisi, na maandishi ya lugha hizi mtandaoni ni machache mno kwa neno kupotea hivihivi.

Wapo wanaoitetea alama hiyo: Excel, ikifungua faili ya CSV, mara nyingi huihitaji ili isiharibu herufi zenye lafudhi. Ni kweli. Basi mwenye Excel apewe nakala yenye alama, na faili ya asili ibaki bila alama.

Ninaomba mambo mawili kwa walimu wetu. Kila kazi ya mwisho wa masomo yenye orodha ya maneno au methali iwasilishwe na faili za UTF-8 zisizo na alama, na jambo hilo litajwe katika sura ya mbinu. Pili, tupewe saa moja tu ya somo kuhusu namna kompyuta inavyohifadhi herufi. Tunafundishwa kusikiliza toni kwa makini. Tufundishwe pia kulinda tulichokwisha kukiandika.