Bluu si lazima iwe kwenye waridi

Makala iliyochapishwa juu ya mapambo ya harusi ilidai kwamba mpambaji asiyeleta maua ya rangi ileile waliyochagua maharusi ameshindwa kazi, na kwamba dawa yake ni maua ya plastiki. Sikubali hata kidogo.

Chukua bluu iliyokoza na dhahabu, rangi zinazopendwa sana Dar es Salaam. Waridi la bluu haliko shambani, si Arusha wala Naivasha, kwa kuwa ua hilo kwa asili halina uwezo wa kutengeneza rangi hiyo. Linalouzwa limenyweshwa maji ya rangi au limepuliziwa, na la kupuliziwa laweza kuchafua gauni jeupe. Isitoshe, chini ya taa za manjano za ukumbini bluu hiyo huonekana karibu nyeusi, na shada la bibi harusi pichani likawa kama kivuli.

Mpambaji hodari huiacha bluu kwenye vitambaa na utepe. Meza kuu huijaza waridi jeupe na la krimu, majani mabichi, na agapanthasi kidogo, ambayo bluu yake ni ya kuzaliwa nayo. Dhahabu inatosha kwenye vinara.

Na plastiki? Haina harufu, ilhali Pwani bibi harusi huvaa kikuba chenye asumini, rehani na mkadi ili anukie. Mwandishi yule hakutaja harufu popote! Maharusi wana haki ya kuelezwa yote haya kabla kamati ya harusi haijatoa hata malipo ya awali.