Wapimwe Kabla ya Kushukiwa

Yeyote aliyepata kusoma au kufundisha katika shule zetu analijua tukio hili. Wanafunzi wamepangwa mstarini, jua la asubuhi limekwisha kuwaka, na matangazo yamekuwa marefu. Mara binti mmoja anayumba, anashika bega la mwenziwe, kisha anaanguka. Wenzake wanamzonga. Baada ya dakika moja au mbili anafumbua macho na kuuliza kuna nini. Kwake yeye jambo limekwisha, lakini kwa watu wengine ndipo linapoanza.

Mmoja atanong'ona kwamba binti ana mimba. Wa pili atasema amepandwa na mashetani. Wa tatu, na pengine huyu ni mwalimu, atasema anajisingizia ili akwepe kazi. Mzazi akiitwa shuleni hukuta hukumu imekwisha kutolewa, hali mtoto hajaonwa na daktari wala hajapimwa damu. Kwa maoni yetu desturi hii ni mbaya, na imewadhuru vijana wengi kuliko kuzirai kwenyewe.

Kuzirai kwa namna hii hakuna muujiza ndani yake. Mtu akisimama muda mrefu, hasa penye joto, damu nyingi hushukia miguuni. Mwili kwa kawaida hujirekebisha, lakini kwa baadhi ya vijana mishipa hulegea na mapigo ya moyo hupungua ghafula, shinikizo la damu likashuka na ubongo ukakosa damu ya kutosha kwa muda mfupi. Kabla ya kuanguka, kijana huona kizunguzungu, hutokwa na jasho la baridi, masikio humvuma na macho huingia giza. Umri wa kubalehe ndio hasa umri wa mambo haya, na huwapata wasichana zaidi kuliko wavulana.

Kule kuanguka ndiko dawa ya kwanza, kwani mtu akilala chali damu hurejea kichwani. Kwa hiyo wanaomwinua aliyezirai na kumkalisha kitini, ingawa nia yao ni njema, wanamrudisha katika hatari. Alazwe chini, miguu iinuliwe, vifungo vilegezwe, watu wasogee apate hewa, na asinyweshwe kitu mpaka azinduke barabara. Na anayehisi dalili tulizozitaja aruhusiwe kuketi au kulala mara moja, bila kuomba ruhusa na bila kuchekwa. Kanuni hii haigharimu hata senti moja.

Lakini haitoshi kumwinua aliyeanguka tusiulize kilichomwangusha. Wengi wa watoto hawa walikula mara ya mwisho jana jioni. Wameamka alfajiri, wametembea mwendo mrefu, wamefagia uwanja na kuchota maji, nao wenyewe hawajanywa maji wala chai. Tukimsimamisha juani mtoto wa namna hiyo, kisha tukastaajabu anapoanguka, tunajidanganya.

Zaidi ya njaa na kiu, kuna upungufu wa damu. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, msichana wa miaka 12 au zaidi asiye mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu huo endapo hemoglobini yake iko chini ya gramu 12 kwa desilita. Msichana hupoteza damu kila mwezi wakati ule ule mwili wake unapokua kwa kasi. Malaria huipunguza damu hiyo, minyoo ya safura huinyonya, na chakula cha ugali na mboga kidogo hakiirudishi upesi. Wako pia wanaoishi na ugonjwa wa selimundu. Dagaa, maharage, maini na mboga za majani vimo sokoni mwetu, na chungwa au ndimu huusaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyomo katika mboga. Chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia madini hayo, basi heri ingoje kidogo.

Tungependa pia kusema neno juu ya wale waangukao kwa makundi, kwani huko ndiko maneno ya uchawi yanakopata nguvu. Tarehe 30 Januari 1962, miezi miwili haijatimia tangu nchi ipate Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, upande wa Bukoba, walianza kucheka na kulia pasipo kujizuia. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Madaktari walipima damu na kuchunguza chakula, wasione sumu wala vijidudu. Walimu hawakupatwa. Kashasha walicheka na kulia, na kwingineko wasichana huanguka na kupoteza fahamu, lakini asili ni moja: hofu na dhiki ya moyo inayoenea kutoka kwa mmoja hadi mwingine miongoni mwa watu wanaoishi pamoja chini ya mashaka yale yale. Watoto hawa hawaigizi, wala hawakurogwa. Watulizwe, watenganishwe kwa upole, na uongozi uchunguze ni jambo gani linalowasumbua bwenini.

Baada ya kusema hayo, hatutaki mtu yeyote adhani kwamba kila kuzirai ni kwepesi. Kijana anayeanguka akiwa anakimbia au anacheza mpira, anayeanguka pasipo dalili yoyote ya kutangulia, anayeumwa kifua au kuhisi moyo ukienda mbio kabla ya kuanguka, au ambaye katika ukoo wake kuna waliokufa ghafula wangali vijana, huenda ana ugonjwa wa moyo. Huyo asirudishwe uwanjani. Apelekwe hospitali apimwe umeme wa moyo, na safari hiyo isicheleweshwe kwa tambiko wala kwa aibu. Vivyo hivyo anayetetemeka muda mrefu au kuchelewa kuzinduka achunguzwe kifafa, ugonjwa ambao una dawa.

Tunawaomba wakuu wa shule wafupishe mistari ya asubuhi, wawapange wanafunzi kivulini, na wahakikishe maji ya kunywa yapo. Wazazi wasione mchango wa uji wa shule kuwa mzigo; kikombe kimoja cha uji huzuia mengi. Nasi twaisihi Serikali iwezeshe kila zahanati iliyo jirani na shule kupima wingi wa damu na kutoa dawa za minyoo na vidonge vya madini ya chuma pasipo kukatika.

Na ikiwa kipimo kitaonyesha kwamba binti kweli ni mjamzito, hiyo nayo ni sababu ya kumtunza. Mtoto aliyeanguka mbele ya shule nzima amekwisha kupata aibu ya kutosha. Akifumbua macho, wa kwanza anayemwona na awe mtu mzima anayemuuliza kama amekula.