Picha Kali, Mteja Mkali

Wauzaji wenzangu, leo tuongelee picha tunazoposti. Mimi nauza matangi ya samaki hapa Rwamishenye, kwa hiyo mfano wangu unatoka huko. Ila hata kama unauza viatu au mitumba, hili linakuhusu.

Wateja wananitumia sana picha za "maua ya baharini" yanayong'aa kijani na chungwa kama taa za disko. Yale si maua. Ni wanyama wa jamii ya matumbawe, wanaitwa zoantidi. Wanakaa kundi juu ya jiwe, kila kichwa na mdomo wake, na huko Marekani watu huwauza hadi kwa kuhesabu vichwa. Ule mng'ao upo kweli, lakini unatokea chini ya taa ya bluu. Washa taa nyeupe uone rangi zinavyopoa. Muuzaji akipiga picha kwenye bluu, halafu akaongeza rangi kwenye simu, mteja analipia kitu ambacho hatakiona sebuleni kwake.

Na kuna mambo picha haisemi kabisa. Zoantidi anataka maji ya chumvi, kama gramu 35 kwa lita, na joto la nyuzi 25 hivi muda wote. Tena baadhi yao wana sumu kali. Ukiwashika bila glavu au ukachemsha jiwe lao, unaweza kuishia hospitali. Mteja akiniuliza, namwambia yote hayo kabla hatujafika kwenye bei.

Usiseme hayo ni ya mbali. Chukua furu wa Ziwa Victoria hapa kwetu. Dume anayetawala eneo lake anawaka nyekundu, bluu au njano. Majike na wadogo wamepauka, na dume akishindwa ugomvi rangi inafifia. Kuna mteja mmoja aliona picha ya dume aliyewaka, akatuma pesa, akaletewa wadogo wa kijivu. Ni furu kweli, lakini sasa anasema hanunui tena kitu mtandaoni. Yaani hata kwangu, hata kwako. Hapo ndipo panaponiuma: mmoja anapaka rangi, hasara tunagawana wote.

Najua utasema picha ya kawaida haiuzi. Sawa, ile kali iposti, lakini usiiache peke yake:

1. Weka na picha ya mwanga wa mchana, bila kuongeza rangi.
2. Piga mzigo wenyewe utakaotumwa, siyo picha ya kuokota mtandaoni.
3. Andika chini yake ukubwa, matunzo na hatari kama ipo.

Utapoteza wateja wawili watatu waliotaka rangi tu. Waache waende. Atakayebaki akifungua mzigo atakuta alichokiona, na huyo ndiye anayerudi na jirani yake.

Wewe unaonaje? Kwenye bidhaa yako, "taa ya bluu" ni ipi? Tuambiane kwenye maoni.