Baridi ya Nchi Kavu Isitudanganye

Hewa ipoapo kabla ya wakati wake mwishoni mwa majira ya joto, wengi hudhani hatari ya tufani imekwisha. Twasema hasha! Nchi kavu hupoa upesi, bali bahari hulishika joto lake kwa muda mrefu, nalo ndilo linaloilisha tufani.

Twakumbuka Agosti 2017 huko Marekani. Majimbo mengi ya kati yaliona baridi isiyo ya kawaida, huku maji ya Ghuba ya Meksiko yakiwa na joto jingi. Tarehe 25 tufani Harvey iliingia Texas, ikakosa upepo wa kuisukuma, ikazungukazunguka hapo siku kadhaa. Mji wa Nederland ulipata mvua ya zaidi ya milimita 1,500. Huko Houston, nyumba zilizoruhusiwa kujengwa nyuma ya mabwawa ya Addicks na Barker zilifurika, na wengi waliopoteza mali hawakuwa na bima ya mafuriko.

Mvua haizuiliki. Kujenga katika njia ya maji kwazuilika. Basi yaipasa serikali yo yote ijaliyo wafanyakazi wake ikataze ujenzi huo, tena iwaonye mapema, hata siku ambayo hewa ni tulivu.